Karatasi za bunduki ni halali, lakini ufunguo anao nani?

Majuma mawili yaliyopita mpwa wangu aishiye Texas, Marekani, alinipigia simu usiku, saa ambazo kwao jua lilikuwa bado liko juu. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyekabidhiwa hati ya shamba. "Mjomba," akasema, "imekubaliwa!" Nilidhani ni uraia, nikaanza kumshukuru Mungu. Kumbe ilikuwa sailensa ya bunduki.

Kwetu hapa Nairobi sailensa ni lile bomba lililo chini ya gari, ambalo wenye matatu wengi wameling'oa ili watuamshe alfajiri. Hata hivyo neno halikukosewa. Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyeanza kuuza sailensa ya bunduki karibu mwaka wa 1909, alishughulika pia na vifaa vya kupunguza kelele za injini. Baba yake ndiye Hiram Maxim aliyebuni ile bunduki ya rashasha iitwayo Maxim, ambayo wazee wetu waliijua kwa machungu Wazungu walipoingia nchi hizi. Mzee huyo alikufa akiwa kiziwi kabisa kwa sababu ya mlio wa bunduki zake mwenyewe. Basi baba aliharibu masikio kwa mlio, mtoto akauza dawa ya mlio.

Naanza na masikio kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, na kwa kuwa mpwa wangu alianzia hapo hapo kujitetea. Yeye ni muuguzi, huwinda nguruwe mwitu mwisho wa juma pamoja na wenzake, na sikio lake la kulia limeanza kulia nzi. Hoja yake ni ya kweli. Mlio wa bunduki ya kuwindia hupita desibeli 140, na kiwango hicho kinaweza kuumiza sikio kwa risasi moja tu. Sailensa hupunguza baina ya desibeli 20 na 35. Haifanyi bunduki iwe kimya kama tuonavyo katika sinema, na mwenye busara huvaa viziba masikio pamoja nayo, lakini inasaidia. Wawindaji wa Norway na Finland huitumia bila mtu kuwashangaa. Sina ugomvi na sailensa.

Ugomvi wangu ulianza nilipomuuliza swali ambalo muuguzi yeyote aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha majeruhi angeliuliza. "Ufunguo wa hicho kitu anao nani?"

"Mimi peke yangu," akajibu kwa fahari. "Hata mama watoto hajui nambari za sefu. Wakili alinionya."

"Na bastola?"

Alikaa kimya kidogo. "Bastola iko kwenye droo, kando ya kitanda."

Ana watoto wawili, wa miaka 6 na 9.

Msomaji asidhani kijana huyu ni mpumbavu. Amefuata sheria kuliko wengi. Lakini ili tuelewe jinsi mtu mwenye akili timamu anavyofungia bomba lisiloua mtu ndani ya sefu, kisha akaacha bastola yenye risasi kwenye droo, hatuna budi kutazama sheria yenyewe ilikotoka.

Sheria ya shirikisho inayohusu vifaa hivi ilipitishwa mwaka wa 1934, wakati wa Rais Franklin Roosevelt, magenge ya wauza pombe haramu yakiwa yamekwisha kumwaga damu nyingi mijini. Sheria haikupiga vifaa hivyo marufuku. Iliviwekea kodi na daftari. Aliyetaka bunduki ya rashasha, au bunduki ndefu au ya marisau yenye mtutu usiofika inchi 18, au sailensa, alitakiwa kuandikishwa na kulipa dola 200. Wakati huo mfanyakazi wa kawaida hakupata fedha hizo hata kwa mwezi mzima. Ilikuwa kodi ya kumkatisha mtu tamaa.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Mswada wa kwanza ulitaka bastola nazo ziwe katika orodha hiyo. Bunduki zilizofupishwa mitutu ziliwekwa humo ili mtu asikwepe masharti ya bastola kwa kukata bunduki ndefu kwa msumeno. Kabla mswada haujapita, bastola ziliondolewa. Bunduki zilizokatwa zikabaki, sailensa ikabaki. Yaani walinzi waliwekwa mlango wa uani, kisha mlango wa mbele ukaachwa wazi, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo.

Matokeo yake ni haya. Ili apate sailensa mpwa wangu alijaza fomu, akatoa alama za vidole na picha, akapeleka maombi kwa idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ijulikanayo kwa herufi ATF, akangoja jibu. Ili apate bastola alijaza fomu nyingine dukani, jina lake likachunguzwa kwa mashine ya FBI, na baada ya dakika chache akatoka nayo. Hakuna daftari la shirikisho la bastola za kawaida. Bunge lao lilikataza daftari hilo mwaka wa 1986.

Tangu tarehe 1 Januari 2026 ile kodi ya dola 200 imeshuka hadi sifuri kwa sailensa na kwa bunduki za mtutu mfupi, kufuatia sheria iliyotiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025. Rashasha, guruneti na mfano wa hizo bado hulipiwa. Kuna watu, na nasikia hata Wakenya wenzetu wamo, wanaodhani kodi ilipoondoka daftari nalo liliondoka. La hasha. Fomu ipo, alama za vidole zipo, na anayekamatwa na kifaa kisichoandikishwa kwa jina lake anaweza kufungwa hadi miaka 10. Kwa mtu asiye raia, mambo hayaishii gerezani. Kosa la silaha ni miongoni mwa makosa yanayomfanya mgeni afukuzwe nchini, hata awe na kadi ya kijani na nyumba ya mkopo. Na wale walioko huko kwa viza za muda, wanafunzi kwa mfano, kwa kawaida hawaruhusiwi kabisa kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa kwa vijisababu vichache kama leseni ya kuwinda.

Majimbo nayo yana yake. Katika majimbo 42 raia anaweza kumiliki sailensa. California, New York, New Jersey na Massachusetts hayamo. Wakenya wengi wanakaa Lowell, Massachusetts, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka mpaka wa New Hampshire ambako sailensa ni halali. Mtu akienda kulenga shabaha kwa rafiki yake upande ule, kisha akarudi nayo nyumbani ndani ya buti, amevuka mstari usioonekana akawa mhalifu kabla chai haijapoa.

Lakini sharti linalonivutia mimi kama mtu wa afya ni lile la ufunguo. Kifaa kilichoandikishwa kwa jina la mtu mmoja hakipaswi kuwa mikononi mwa mwingine wakati mwenyewe hayupo. Mke akijua nambari za sefu na mume yuko kazini, mwendesha mashtaka anaweza kusema kwamba mke anacho kifaa ambacho si chake. Ndiyo maana wakili alimwonya mpwa wangu. Ndiyo maana pia wengi huandikisha vifaa hivi kwa njia ya trasti, yaani hati ya kisheria ambayo kwayo mali inashikwa na watu kadhaa waliotajwa. Tangu Julai 2016 kila mmoja wao mwenye mamlaka juu ya mali hiyo hutakiwa naye kutoa picha na alama za vidole. Akishakubaliwa, anaweza kushika kifaa bila hofu.

Tazama basi. Kwa ajili ya sailensa, sheria inamlazimisha mtu mzima kujiuliza: nani anaweza kufungua hapa nikiwa sipo? Je, anastahili? Jina lake limo? Hayo ndiyo maswali ambayo madaktari wa Marekani wamekuwa wakiwasihi wenye bastola wajiulize, na sheria ya shirikisho haiwalazimishi. Sheria ya mwaka wa 2005 humtaka mwenye duka ampe mnunuzi wa bastola kufuli au kifaa kingine cha kuifungia. Kumpa tu. Hakuna anayekwenda kuangalia kama imefungwa. Nilipomuuliza mpwa wangu kufuli yake iko wapi, alisema imo ndani ya boksi lililokuja nayo, na boksi liko gereji.

Tena jimbo lake la Texas lina sheria kwamba mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bunduki iliyo tayari kufyatuka kwa sababu ya uzembe wa mwenyewe, mwenyewe ana kesi. Kwa hiyo huyu bwana aliyenionyesha hati ya shirikisho kwa majivuno alikuwa droo moja tu mbali na kosa la jimbo. Nilimwambia hivyo. Hakufurahi.

Nisingesumbuka kama lingekuwa suala la mahakama peke yake. Katika mwaka wa 2023 watu 46,728 walikufa kwa bunduki nchini Marekani. Wengi wetu tukisikia idadi hiyo tunafikiria majambazi. Ukweli ni kwamba 27,300 kati yao walijiua wenyewe. Waliouawa na wenzao walikuwa kiasi cha 18,000. Na tangu mwaka wa 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa nchi hiyo, kuliko ajali za magari, kuliko saratani. Juni 2024 daktari mkuu wa serikali yao, Vivek Murthy, alitangaza kwamba jambo hili ni janga la afya ya umma.

Wako watakaosema anayetaka kufa atakufa tu. Nimeisikia kauli hiyo hata kwa wauguzi, na si kweli. Dhoruba ya kutaka kujiua mara nyingi ni fupi, na wengi mno wa wanaonusurika hawafi baadaye kwa mkono wao. Bunduki ndiyo isiyompa mtu nafasi ya kunusurika. Karibu 9 kati ya kila 10 wanaoitumia hufa. Uchunguzi uliofanywa California juu ya watu wazima zaidi ya milioni 26, matokeo yakatolewa mwaka wa 2020, ulionyesha kwamba wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki karibu mara 8 kuliko wasio nazo, na wanawake karibu mara 35. Bastola haimletei mtu huzuni. Inamsubiri tu pale alipo siku huzuni ikija.

Na huzuni huja. Tunawaona jamaa zetu wa ughaibuni wakati wa Krismasi wakigawa noti, tunadhani maisha ni mteremko. Mpwa wangu hufanya kazi usiku, hulala mchana mapazia yamefungwa, na kwa miaka minne hakumzika mtu yeyote wa ukoo wetu kwa macho yake. Misiba yote aliihudhuria kwa simu. Mwanamume wa namna hiyo hamwambii mkewe kwamba amechoka, seuze mjomba.

Liko jambo jingine linalowazuia watu kama yeye kumwona daktari. Wanaogopa kwamba ukishatajwa kuwa una ugonjwa wa huzuni, bunduki zako zitachukuliwa na hata kazi itakwenda. Kuhusu bunduki, sheria ya shirikisho iko wazi: anayezuiwa ni yule aliyeamuliwa na mahakama au chombo kama hicho kwamba akili yake haimudu, au aliyelazwa kwa nguvu katika hospitali ya akili. Aliyekwenda mwenyewe kwa hiari, akapewa dawa au ushauri, hazuiwi na sheria hiyo. Ni kweli majimbo mengine yana masharti makali zaidi, lakini si sababu ya kukaa na ugonjwa ndani ya droo pamoja na bastola. Na ikiwa usiku umekuwa mzito, Marekani nzima kuna simu ya nambari 988, iliyoanza Julai 2022, hupigwa bure saa yoyote.

Hapa ndipo sheria ya 1934 inaponitatiza. Madaktari hushauri kwamba mtu akiwa katika hali mbaya, rafiki yake amtunzie bunduki kwa muda. Kwa bastola ya kawaida hilo linawezekana katika majimbo mengi. Kwa kifaa kilichoandikishwa haliwezekani hivi hivi. Rafiki akikichukua bila kibali, anaweza kuingia matatani kwa wema wake. Bunduki iliyofupishwa mtutu ni silaha kamili, nayo inaangukia papo hapo. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu bora ya kuwa na trasti, ingawa sijaona mtu akiitaja anapoitangaza. Wanaoiuza huzungumzia urithi na wepesi wa makaratasi. Mimi nasema: weka ndani ya hati hiyo mtu mmoja mwenye moyo wa utulivu, asiyekaa nyumbani kwako, anayeweza kuja usiku akasema, "Nipe nikae nayo mpaka mwezi ujao," na sheria isimguse.

Urithi nao si jambo dogo, hasa kwa desturi zetu. Mkenya akifariki huko, sisi huku tunafanya harambee ya kuleta mwili, na marafiki zake kule wanagawana vyombo ili nyumba irudishwe kwa mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi. Huyu anachukua televisheni, yule kochi. Akitokea wa kuchukua sailensa au bunduki fupi kama ukumbusho wa marehemu, amejitwisha kesi. Vitu hivyo vinapaswa kubaki chini ya msimamizi wa mirathi mpaka fomu ya mrithi ikubaliwe, na mrithi halali halipi kodi. Wala asithubutu mtu kuvitia katika kontena la kuja Mombasa. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, nayo inahesabu kifaa cha kupunguza mlio kuwa silaha.

Nisije nikaonekana nawanyooshea kidole walio mbali. Hapa kwetu tunasoma magazetini, tena na tena, juu ya askari au mfanyabiashara aliyemuua mkewe kwa bastola yenye karatasi zote kisha akajiua. Kila mara majirani husema alikuwa mtu mpole, na polisi husema leseni yake ilikuwa sawa.

Tulimaliza simu ile usiku tukiwa tumenuniana kidogo. Siku tatu baadaye alinipigia tena, safari hii akinong'ona kwa sababu watoto walikuwa wamelala. Alikuwa ameihamishia bastola ndani ya sefu pamoja na ile sailensa. Lakini mkewe alikuwa amekasirika. Alimwuliza, "Ukiwa kazini usiku na mwizi akaingia, mimi nifungue kwa nini?" Swali la haki kabisa. Akimpa nambari za sefu, sailensa inakuwa mkononi mwa mtu ambaye jina lake halimo. Asipompa, bastola waliyoinunua kwa ajili ya ulinzi wa nyumba inamlinda yeye peke yake, tena akiwa kazini.

Nilimwambia njia ni mbili: amwingize mkewe katika trasti kwa njia halali, au anunue sefu ndogo ya pili kwa ajili ya bastola, ile inayofunguka kwa vidole, na wote wawili waijue. Akasema sefu ya pili ni gharama. Nilimkumbusha kwamba dola 200 za kodi aliyosamehewa mwaka huu bado ziko mfukoni mwake.

Juzi alinitumia picha. Ni kasha jeusi la chuma, dogo kama mkate wa boflo, limefungwa kwa skurubu ndani ya kabati la nguo. Mkewe ameandika chini yake, "Asante Mjomba." Nimemjibu kwa kumuuliza risasi ziko wapi, na mpaka naandika makala haya hajanijibu.